Gitaa la zamani: lifungue kwanza, ndipo ulipe

Vijana wengi wananiuliza wanunue gitaa gani la zamani, Fender au Gibson, la mwaka gani, kwa bei gani. Kabla ya kujibu huwa nawauliza kama wana fundi. Mimi napiga solo kwenye bendi ya dansi hapa Dar es Salaam, na vyombo ninavyopigia vingi ni vya miaka ya 1960 na 1970. Kwa uzoefu wangu, bei anayotaja muuzaji ni sehemu tu ya gharama. Ukiwa na milioni tatu mfukoni, tafuta chombo cha milioni mbili. Ile inayobaki ni ya fundi, nyuzi, na transfoma ya kushusha umeme, na itatumika yote.

Jambo la pili, na hili ndilo nasisitiza kuliko yote: usitoe hata shilingi kabla hujaona ndani. Rangi ya nje inaweza kuchakazwa kwa makusudi ili gitaa jipya lionekane limezeeka. Ndani ni vigumu zaidi kudanganya.

Chukua Stratocaster ya Fender kama mfano. Legeza nyuzi, fungua skrubu za kile kibao cha plastiki cha mbele, kinyanyue taratibu kwa sababu waya ni fupi. Geuza uone migongo ya poti, vile vifaa vilivyo chini ya vitufe vya kuzungusha vya volumu na toni. Utakuta namba zimegongwa kwenye chuma. Tarakimu tatu za mwanzo ni za kiwanda: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole. Zinazofuata ni mwaka na wiki. Kwa hiyo 3046612 ni poti ya Stackpole ya wiki ya 12 mwaka 1966. Hapo ujue kitu kimoja: poti inakwambia gitaa halikutengenezwa kabla ya tarehe hiyo, basi. Fender walinunua shehena kubwa ya poti mwaka 1966 wakaendelea kuzifunga kwa miaka kadhaa, kwa hiyo gitaa la 1968 lenye poti za 1966 ni la kawaida kabisa. Lakini ukiambiwa gitaa ni la 1963 na poti zinasema 1972, ama poti zimebadilishwa ama mwaka si kweli, na kwa vyovyote bei ya 1963 haistahili tena.

Ukiwa hapo hapo, angalia lehemu. Lehemu ya zamani imefifia, ina rangi ya kijivu na vumbi lililoganda juu yake. Ikiwa inameta kama sufuria mpya, kuna mtu amepita. Si lazima iwe wizi. Pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, hufa, poti hukatika, wanamuziki wa kazi hutengeneza vyombo vyao. Ila muuzaji anayekuapia kwamba kila kitu ni cha kiwandani, huku lehemu inang'aa, jihadhari naye.

Namba iliyo kwenye bamba la chuma nyuma ya shingo usiitegemee peke yake. Bamba hilo limeshikwa na skrubu tatu au nne na linahamishika kwa dakika mbili. Kwa Gibson kuna tatizo jingine: namba za miaka ya 1960 zilirudiwa, namba ile ile ikatumika kwa magitaa ya miaka tofauti. Kuanzia 1977 mambo yalinyooka, tarakimu ya kwanza na ya tano ndizo zinazotaja mwaka.

Kwenye Gibson, macho yako yaende moja kwa moja nyuma ya kichwa, pale shingo inapoanza. Kichwa chake kimelala nyuma kwa pembe kali na mti ni laini, kwa hiyo gitaa likianguka chali ndipo linapovunjika. Shika tochi, ilaze pembeni ya mti, utaona mstari wa gundi hata kama umepakwa rangi. Gitaa lililovunjika kichwa likaungwa vizuri linapiga sawasawa na lisilovunjika, ila thamani yake hushuka karibu nusu. Vivyo hivyo gitaa lililopakwa rangi upya. Kwa mpigaji asiye na fedha nyingi hiyo ni habari njema: nunua lile lililoungwa, au lililopakwa rangi upya, upige muziki, uwaachie wakusanyaji bei zao.

Shingo ijaribiwe kabla ya mazungumzo yoyote ya bei. Bana uzi mzito kwenye freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha angalia nafasi iliyo chini ya uzi karibu na freti ya saba. Pawe na upenyo wa unene wa karatasi ngumu. Ukiona pengo kubwa, uliza kama chuma cha ndani ya shingo bado kinazunguka. Kisipozunguka, ondoka. Matengenezo ya shingo ni ghali kuliko matengenezo mengine yote ya gitaa.

Kwa mfuko wa kawaida, mimi nasimamia Wajapani. Miaka ya 1970 viwanda vya mji wa Matsumoto kama FujiGen na Matsumoku vilitengeneza magitaa kwa majina ya Greco, Ibanez na Aria, mengine yakinakili Gibson na Fender kwa uhodari mkubwa kiasi kwamba mwaka 1977 kampuni iliyokuwa ikimiliki Gibson ilimshitaki msambazaji wa Ibanez nchini Marekani kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa. Mbao ni nzuri, kazi ni safi, na hakuna anayekulipisha jina.

Sasa amplifaya, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu gitaa bovu litakukera lakini amplifaya mbovu inaweza kukuua.

Ndani ya Fender Twin Reverb kuna zaidi ya volti 400, na kapasita kubwa zinaweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi ukutani. Fundi wangu ni mzee aliyeanza kazi na redio za valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti. Akifungua amplifaya, mkono wa kushoto anauweka nyuma ya mgongo. Anaondoa umeme kwenye kapasita kwa rezista yenye mpini wa plastiki, kisha anapima kwa mita, kisha anapima tena. Hajawahi kuingiza kidole kabla mita haijashuka. Ukitafuta fundi, usimuulize maswali mengi. Mtazame anavyofungua amplifaya. Anayeingiza bisibisi bila kupima, chukua chombo chako uende.

Amplifaya nyingi za Marekani za miaka ya 1960 zina plagi ya miguu miwili, hazina ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini. Ndani yake kuna kapasita ndogo inayounganisha laini ya umeme na bodi ya chuma. Ikifa kwa shoti, bodi nzima inakuwa na umeme, na kupitia waya wa gitaa umeme huo unafika kwenye nyuzi unazozishika. Ukigusa maikrofoni yenye ethi kwa midomo, mwili wako ndio unakuwa waya. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani huko Swansea kwa kugusa maikrofoni kwenye mitambo ambayo haikuwa na ethi sahihi. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla hujapiga hata noti moja: fundi aitoe hiyo kapasita, afunge waya wa miguu mitatu, ethi ishikwe kwenye bodi. Hili halipunguzi thamani ya chombo, na hata kama lingepunguza ningelifanya.

Halafu volti. Umeme wetu ni 230. Amplifaya ya Marekani inataka karibu 120, na ya Japani iliyotengenezwa kwa soko lao inataka 100. Watu wengi wananunua transfoma ya kushusha ya 110 au 120 wakaitumia kwa zote, na zile za Kijapani zinapata joto kila siku mpaka zinaungua. Soma bamba la nyuma. Na nunua transfoma yenye nguvu maradufu ya inayohitajika. Kwa Twin usishuke chini ya wati 500. Ongeza stabilaiza, maana umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, valvu ndizo zinazopokea.

Kapasita kubwa za umri huo zimekauka. Ukisikia mngurumo mzito usiobadilika hata volumu ikiwa sifuri, ni hizo. Zibadilishwe zote kwa pamoja. Valvu, kinyume chake, usibadilishe kwa mazoea. Gonga zile ndogo, 12AX7, kwa ncha ya penseli amplifaya ikiwa imewaka. Inayolia kama kengele ndiyo mbovu. Ukibadilisha zile kubwa za 6L6 kwenye Fender, fundi lazima apime na kurekebisha bayasi, yaani kiwango cha umeme cha valvu hizo. Na kamwe usiwashe amplifaya ya valvu bila spika; transfoma ya kutolea sauti itaungua.

Kupiga ni raha tupu. Pikapu za zamani za koili moja hazina nguvu nyingi, kwa hiyo kila kitu kinatoka kwenye mkono. Kwa solo ya dansi naweka Twin kwenye namba nne, besi kidogo, mwangwi kidogo, na volumu ya gitaa nusu. Likifika chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, naipandisha kwa kidole kidogo, na solo inatoka juu ya tarumbeta bila kuwakwaruza wacheza.

Pwani ina adui wake: chumvi. Futa nyuzi na vyuma vyote kila unapomaliza kupiga, hata ukiwa umechoka saa tisa usiku. Usiache gitaa kwenye gari juani. Stendi zenye mpira zifunge kitambaa cha pamba, kwa sababu mpira unakula vanishi ya zamani. Amplifaya isikae sakafuni. Mchwa wanapenda boksi la mbao, na mende wanapenda joto la valvu.

Kila kifaa cha asili kinachotolewa, hata poti iliyokufa, weka kwenye mfuko pamoja na gitaa. Siku ya kuuza, mfuko huo una thamani yake.

La mwisho ni kwa wanaosafiri na bendi. Magitaa mengi ya Marekani ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yana ubao wa vidole wa Dalbergia nigra ya Brazili, ndugu wa mpingo wetu. Tangu 1992 mti huo umekatazwa kufanyiwa biashara ya kimataifa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, na msamaha wa 2019 uliotolewa kwa ala za muziki za aina nyingine za Dalbergia haukuugusa. Kama gitaa lako ni la aina hiyo, shughulikia kibali kabla ya kukata tiketi.