Maswali ya Wasomaji: Asubuhi isiyo na kengele

SWALI: Nimestaafu ualimu nikiwa na miaka 60, miaka yangu ya mwisho nikiwa mwalimu mkuu. Mwezi wa kwanza nilitembelea ndugu, nikafurahi. Sasa alfajiri nipo macho, nimeshanyoa ndevu, sina pa kwenda. Mke wangu ana genge na tunagombana kila siku. Mkupuo wa pensheni umeingia, mpwa wangu anataka ninunue daladala. Nifanyeje? – Mstaafu, Morogoro

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Tuanze na genge, maana ugomvi uko hapo. Umezoea kukagua. Mama ameliendesha genge lake miaka yote bila mkaguzi, leo unamuuliza kwa nini fungu la vitunguu lina vitatu na si vinne. Wewe unaona unasaidia. Yeye anasikia kwamba humwamini. Wekeni mpaka: kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana usiwepo gengeni, labda akuite mwenyewe umbebee tenga.

Sasa uende wapi? Ulichopoteza, zaidi ya kazi, ni kusubiriwa. Kengele ikigongwa, watoto walikuwa mstarini wanakutazama wewe. Sisi tuna jando, tuna unyago, tuna arobaini ya mtoto. Kustaafu kuna keki, hotuba ndefu na godoro (godoro zuri, hatulicheki), na kesho yake hakuna anayekwambia wewe sasa ni nani. Ndiyo maana wastaafu wengine wana shughuli tele na bado wamepooza: hakuna hata moja ambayo wasipofika mtu atauliza. Kila unachotaka kuanza, kipime hivyo. Nisipokwenda leo, nani atapiga simu?

Kwa mwalimu, la karibu ni MEMKWA, madarasa ya watoto walioikosa shule ya msingi kwa wakati wake. Nenda kwa afisa elimu kata, ujitolee Jumanne na Alhamisi, vipindi viwili viwili. Ukibembelezwa siku tano, kataa. Mwezi wa tatu utachoka na kuacha, na kuacha kunauma kuliko kutoanza. Shule yako ya zamani usiiguse. Walimu watakuletea mashtaka ya mkuu mpya, naye atakuona kivuli.

Siku nyingine ipe mikono kazi. Mitetea 5 na jogoo 1 wa kienyeji wanatosha. Kuku 200 wa nyama ni mkopo wenye manyoya. Mayai huanguliwa siku ya 21. Wafugaji wengi huanguka kwenye mdondo, ugonjwa unaoua kuku: wanasubiri kuku azubae ndipo watafute chanjo, na chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua. Ile ya I-2 ni tone 1 jichoni kila miezi 3, kuku wakiwa wazima kabisa. Kichupa kimoja kinachanja kuku wengi kuliko wako, na kikishafunguliwa hakikai, hivyo panga siku moja na majirani. Wewe ndiye uwe mwenye kalenda. Ukichelewa, watakugongea mlango.

Daladala, hapana. Hesabu utaletewa jioni na dereva kama alivyoamua yeye. Tairi, bima, faini na fundi ni vyako. Asiyeijua sauti ya giaboksi inayokufa hulipia giaboksi mbili. Tenga benki matumizi ya nyumbani ya miezi 6, na ndani ya miezi hiyo usinunue chochote chenye injini. Kinachobaki, ulizia benki yako hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba: zinaanzia shilingi milioni 1, riba hulipwa kila miezi 6. Angalia muda wake kabla ya kusaini. Zipo za miaka 2 na zipo za miaka 25, na ukilazimika kuuza katikati unaweza kupata pungufu. Mpwa mwambie, "Mwaka huu sinunui." Usimpe sababu, atazijadili.

SWALI: Nina miaka 48. Kitinda mimba wangu ameenda chuo. Nalia jikoni, usiku silali, natoka jasho. Mume wangu anasema najidekeza. – Mama wa watatu, Tanga

JIBU: Hujidekezi, dada. Hapo kuna mambo mawili yamevaa kanga moja. Jasho la usiku na kukosa usingizi katika umri wako mara nyingi ni dalili za kuelekea ukomo wa hedhi, ambao kwa wengi huja kati ya miaka 45 na 55. Nenda kliniki ueleze yote mawili, na kama hedhi imebadilika taja tangu lini. Ukiishia kusema "nina mawazo" utarudi na panadoli.

La pili lipo kwenye sufuria. Bado unapima mchele kilo nzima, kiporo kinalala, na kila asubuhi kinakukumbusha nani hayupo. Kwa watu wawili robo kilo inatosha. Nunua sufuria ndogo, lile kubwa lipeleke kwenye kikundi cha shughuli mtaani. Litakuita kila penye msiba au harusi. Mtoto mpigie Jumatano na Jumapili. Kila siku ni kumlinda.

SWALI: Nina miaka 26, shahada ya uhasibu, miaka miwili bila ajira. Wenzangu wamejenga. Kusudi la maisha yangu ni lipi? – Kijana, Mwanza

JIBU: Mdogo wetu, swali hilo ni zito mno kwa mtu aliyeshinda chumbani. Badala yake jiulize nani atakuhitaji kufikia Jumamosi. Nenda maduka matatu ya mtaani kwako, ujitolee kuandika daftari wiki mbili bure, ya tatu watoze. Chora safu ya taslimu, ya mkopo na ya mzigo ulioingia. Hesabu itagoma kufunga, na karibu kila mara chanzo ni kimoja: mwenye duka anachota droo hela ya mboga. Ongeza safu ya nne, "matumizi ya nyumbani", umwonyeshe jumla ya wiki. Hapo ndipo atakapokulipa.

Ila kama ni wiki mbili mfululizo huli, hulali, hakuna kinachokufurahisha, au unawaza kujidhuru, daftari lisubiri. Nenda hospitali leo, na usiende peke yako.