Mahindi ya Agosti: mkulima hauzi kwa ujinga, anauza kwa hesabu

Ndugu uliyeanzisha uzi, umeuliza kwa nini wakulima wa Masindi na Kiryandongo, huku Uganda, huuza mahindi Julai na Agosti bei ikiwa chini kabisa, halafu Novemba wananunua unga kwa bei ya juu. Wengi waliojibu wamesema ni kukosa elimu. Sikubaliani nao hata kidogo. Ukitaka kumwelewa mtu kiuchumi, anza kwa kukubali kwamba anajua anachokifanya, kisha tafuta gharama anayoiona yeye ambayo wewe huioni.

Gharama ya kwanza ni pesa yenyewe. Muhula wa tatu hufunguliwa Septemba, na karo haingojei soko. Asiyeuza mahindi atakopa, kwa hiyo swali lake halisi ni hili: bei itapanda haraka kuliko riba, au riba itaishinda? Tupige hesabu. Bei ninazotumia ni za mfano, weka za kwenu.

Gunia la kilo 100, unyevu asilimia 20, dalali analichukua leo kwa 700 kilo. Hiyo ni shilingi 70,000. Ukiliweka, lazima kwanza ulikaushe mpaka asilimia 13.5, kiwango kinachotakiwa Afrika Mashariki. Maji yakitoka uzito unashuka: 100 mara 80 gawanya kwa 86.5, unabaki na kilo 92 na nusu. Hapo hakuna aliyeiba, ni maji tu yameondoka, lakini wengi huisahau hesabu hii na baadaye kuulaumu mzani. Katika gunia la kawaida fukusi na dumuzi watakula sehemu yao, tuseme kilo 6 na nusu. Zimebaki 86. Miezi minne baadaye bei imefika 1,200, unapata 103,200. Inapendeza. Lakini zile 70,000 za karo ulizikopa kwa asilimia 10 kwa mwezi, riba juu ya riba, na sasa unadaiwa 102,487. Faida yako ni shilingi 713, kabla hujahesabu siku za kuanika, kugeuza na kulinda. Aliyeuza Agosti hakukosea.

Badilisha mambo mawili tu uone. Mkopo utoke kwenye kikundi cha akiba kwa asilimia 5 kwa mwezi, na mahindi yawekwe kwenye mfuko usiopitisha hewa, tuseme wa shilingi 8,000. Deni linakuwa 85,085. Kilo 92 kwa 1,200 ni 110,400. Toa mfuko, toa deni, unabaki na 17,315, na mfuko ukitunzwa utafaa msimu mwingine pia. Mkulima ni yule yule na elimu yake ni ile ile. Kilichobadilika ni riba na ghala.

Hata hivyo usikimbilie kuhifadhi kila kitu. Katika mfano huo bei isipofika 1,012 kilo, umepata hasara. Na bei inaweza kukataa kupanda kwa sababu ambazo hazimo mikononi mwako. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, kwa masharti, lakini mwenye stoo iliyojaa alizihisi siku hizo. Halafu mavuno ya msimu wa pili huanza kuingia Desemba na Januari, kwa hiyo dirisha la bei nzuri ni fupi. Anayesubiri "ipande kidogo tena" huwa anauza siku moja na wenye mahindi mapya.

Sasa jambo ambalo nadhani ndilo muhimu kuliko yote: mahindi utakayokula si sawa na mahindi utakayouza, hata yakiwa gunia moja. Ya kuuza thamani yake ni bei ya dalali. Ya kula thamani yake ni bei ambayo ungenunulia dukani, yenye usafiri na faida za watu watatu ndani yake. Tena ya kula hayana hatari ya bei, kwa sababu bei ipande au ishuke, watoto watakula posho, yaani ugali. Kwa hiyo chakula ndicho cha kuwekwa kwanza. Nyumba inayotumia kilo 2 za punje kwa siku inahitaji kilo 240 kwa siku 120. Kaushia na fungia hizo kabla dalali hajaegesha lori. Zilizobaki uza kwanza kiasi cha kulipa deni lenye riba kubwa zaidi, na ni ziada ya hapo tu ndiyo ya kubahatisha nayo bei ya Novemba.

Kuhusu unyevu, kipimo cha bei rahisi ni chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, jaza punje theluthi moja, tia vijiko viwili au vitatu vikubwa vya chumvi iliyokaushwa juani, funga, tikisa dakika moja, iache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Isiponata, umeshuka chini ya 15 lakini huenda bado hujafika 13.5, kwa hiyo anika tena siku moja au mbili juu ya turubai. Watu wengi huharibu hapa: wanafungia mahindi mabichi ndani ya mfuko usiopitisha hewa wakidhani mfuko utayakausha. Mfuko unaua wadudu kwa kuwanyima hewa, haukaushi kitu. Maji yaliyomo yatabaki humo humo na mahindi yataoza.

Kabla ya kujaza, puliza kila mfuko wa plastiki unaokaa ndani ya gunia, ubane, usikilize kama unavuja. Ukishajaza, kamua hewa, sokota shingo, ikunje, funga kila mfuko peke yake. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, na usifungue kila wiki kuchungulia. Kila ukifungua unawarudishia fukusi pumzi.

Mwingine kauliza kwa nini basi watu hawakaushi vizuri kabla ya kuuza. Kwa sababu dalali hana kipima unyevu, anauma punje kwa meno na kulipa bei moja kwa wote. Aliyekausha amepoteza kilo saba na nusu kwa kila gunia na hakulipwa chochote juu. Msimu ujao naye atauza mabichi. Mchumi George Akerlof alieleza mwaka 1970, kwa magari yaliyotumika, jinsi soko lisiloweza kutofautisha kizuri na kibaya linavyofukuza kizuri. Mahubiri ya usafi hayatibu hilo. Kinachotibu ni kipimo kinachoaminiwa na pande zote mbili na bei inayofuata kipimo. Wakulima kumi wakikusanya mzigo mkavu pamoja, wakanunua kipima kimoja na kumwita mnunuzi mkubwa, wana cha kujadiliana.

Na vikundi vya akiba vya sanduku, wale wanachama 15 hadi 30 wenye kufuli tatu na washika funguo watatu: wengi hugawana Desemba, pesa za sikukuu. Naelewa, lakini angalieni kalenda. Desemba mahindi ya msimu wa pili yanaingia na pesa ipo. Agosti ndipo nyumba imekauka na dalali yuko mlangoni. Mzunguko ukianza Septemba na mgao ukaanguka wiki ya mwisho ya Agosti, karo inalipwa kwa hisa za mwanachama mwenyewe, bila riba ya mtu. Mwaka wa kwanza wa kuhamisha tarehe utakuwa mfupi au mrefu kuliko kawaida, hivyo pigeni kura mwanzoni na andikeni tarehe mpya kwenye katiba ya kikundi kabla hisa ya kwanza haijaingia sandukuni.