Usingoje Shaka Liishe Ndipo Uitike Wito

Mara kwa mara, baada ya ibada, hunijia kijana au mama mwenzangu na kuniambia kwamba anasikia Mungu akimwita kwa kazi fulani, ila anangoja kwanza moyo utulie na ajione anafaa. Nami huwajibu wote neno moja: usingoje. Hali hiyo ya kujiona unafaa huenda isifike kamwe, na Mungu hakuiweka kuwa sharti la kumtumikia.

Mimi ni karani katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Mombasa. Sikusomea theolojia, sauti yangu ni ndogo, na mbele ya watu wengi maneno hunikauka. Wazo la kuwatembelea wanawake walio katika gereza la Shimo la Tewa liliponijia wakati wa maombi, nililiona kuwa ni la mtu mwingine, nikamtajia Mungu majina ya akina mama wa kanisani kwetu ambao wangeifanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi. Hata hivyo wazo halikuondoka. Lilirudi asubuhi nikivuka kwa feri ya Likoni, lilirudi jioni nikiwa jikoni, na kila liliporudi lilikuja pamoja na huruma kwa watu ambao sikuwajua hata kwa sura. Huruma hiyo ndiyo iliyonifanya nifikiri kwamba jambo hili halikutoka kwangu, maana mimi tangu utotoni niliogopa hata kupita karibu na ukuta wa gereza.

Katika siku hizo nilisoma upya habari za Musa katika kitabu cha Kutoka, sura ya 3 na ya 4, nikakuta mambo ambayo mahubiri mengi huyapita upesi. Musa anauliza, “Mimi ni nani, hata niende kwa Farao?” Mtu angetazamia Mungu amtie moyo kwa kumkumbusha kwamba alilelewa katika nyumba ya kifalme, kwamba anaijua Misri, na kwamba miaka ya kuchunga imemfundisha njia za jangwani. Mungu hasemi lolote kati ya hayo. Anajibu, “Bila shaka mimi nitakuwa pamoja nawe.” Swali lilimhusu Musa, jibu likamhusu Mungu. Kisha anampa dalili ya kuwa amemtuma, na dalili yenyewe ni kwamba, atakapokuwa amekwisha kuwatoa watu Misri, watamwabudu Mungu katika mlima ule ule anaosimama. Yaani uthibitisho aliotaka Musa ungemfikia baada ya kutii, njia yote ikiwa imekwisha kupitwa. Sisi tunautaka kabla ya kufunga viatu.

Kuna jambo jingine katika sura hizo. Musa aliuliza, akauliza tena, akataja uzito wa ulimi wake, na muda huo wote Mungu alimjibu kwa subira na kumpa ishara. Hasira ya Bwana iliwaka pale alipoomba atumwe mtu mwingine, na hata baada ya hasira hiyo alipewa Haruni, ndugu yake, awe msemaji wake. Ndiyo maana mimi huamini kwamba shaka linalopelekwa mbele za Mungu likiwa swali si uasi. Huwa hatari linapogeuka kuwa kukataa, hasa kukataa kwa adabu kunakovaa vazi la unyenyekevu.

Katikati ya mazungumzo hayo Mungu alimwuliza Musa ana nini mkononi, naye alikuwa na fimbo tu. Swali hilo lilinisaidia kuliko mengine yote. Nilimwendea mama mmoja mzee, ambaye kanisani kwetu wengi humtegemea kwa mashauri, nikamweleza wito wangu na hofu yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwanangu, wewe kazi yako ni kuandika. Huko ndani hawana wa kuwaandikia?” Basi nikaingia nikiwa nyuma ya kikundi cha akina mama, na karatasi na kalamu zilizoruhusiwa langoni. Wenzangu waliongoza nyimbo na kuhubiri. Mimi niliketi na mahabusu asiyejua kusoma, nikaandika aliyotaka watoto wake wayajue, na barua ikapitia mikononi mwa maafisa kama ilivyo taratibu. Kwa kazi ya kusikiliza, sauti ndogo haikuwa kizuizi hata kidogo. Kuhubiri kulikuja baadaye, nami hadi leo sipendi kuhubiri, lakini huhubiri ninapoombwa.

Sisi wa Mombasa tuna ushuhuda mwingine karibu nasi. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika hapa mwaka 1844, na mwezi wa Julai mwaka huo huo homa ikamchukua mkewe, Rosine, pamoja na mtoto wao mchanga. Kaburi la Rosine liko ng’ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa, peke yake, katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza. Mwaka 1846 alianzisha kituo cha Rabai pamoja na Johannes Rebmann, akaondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya, akiwa ameona watu wachache mno wakibatizwa. Rebmann alibaki mpaka mwaka 1875, akarudi kwao akiwa karibu kipofu. Yeyote aliyeyapima maisha yao kwa matokeo ya miaka ile angesema hawakuitwa. Makanisa yanayojaa leo kutoka Rabai hadi Kisauni yanasema vingine.

Hata hivyo, siwezi kuandika juu ya utii nikiwa pwani hii bila kuitaja Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu huo wa Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa kungewafikisha kwa Yesu, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Kwa hiyo, ninaposema utii, sisemi mtu amtii kila anayedai kusikia sauti ya Mungu, wala kwamba azime akili aliyopewa na Mungu huyo huyo. Mungu alimruhusu Musa aulize maswali. Mhubiri asiyekuruhusu kuuliza anadai heshima ambayo Mungu mwenyewe hakuidai. Wito upimwe kwa Maandiko, upelekwe kwa watu wazima katika imani wasio na faida yoyote ndani yake, na utazamwe unamhudumia nani. Ukikutenga na jamaa zako, ukikunyima chakula na tiba, au ukimnenepesha mtu mmoja, uuache mara moja na umwambie mtu.

Shaka langu mimi halijaisha. Huja karibu kila Jumamosi ya zamu yetu, likiniambia kwamba wapo wanaofaa zaidi, na mara nyingi husema kweli, kwa kuwa wapo. Nimejifunza kulijibu kwa maombi mafupi na kuendelea kujitayarisha. Siku nyingine narudi nyumbani nimechoka, bila furaha yoyote ya pekee, na siku hizo pia nazihesabu kuwa utii.

Ikiwa hapo ndipo ulipo, mtafute wiki hii mtu mmoja mkomavu na umweleze jambo lote, pamoja na hofu zako, kisha mwombe akusaidie kupata hatua ndogo unayoweza kuichukua kwa kile ulicho nacho sasa. Na kama wito wako ni kwa walio gerezani, anza kwa mchungaji wako, naye akuunganishe na kasisi wa gereza, kwa sababu huduma hiyo huhitaji idhini ya uongozi wa gereza. Beba kitambulisho chako cha taifa, acha simu nyumbani, na siku ya kwanza usipange kusema mengi.