Maswali ya Wasomaji: Mikataba Mizito na Timu Inayozama

Barua tatu zimetufikia kutoka Lubumbashi, na zote zinahusu mikataba ya wachezaji. Nimeona heri nizijibu pamoja, ingawa ya kwanza ndiyo itakayochukua nafasi kubwa.

SWALI: Ndugu Mwandishi, salamu kutoka Kenya, komini (sehemu ya mji) ya Lubumbashi. Tangu mwezi uliopita nimekabidhiwa hazina ya klabu moja ya mji huu ambayo naomba nisiitaje. Tuna wachezaji 31, na 8 kati yao wanachukua zaidi ya nusu ya fedha zote za mishahara, ilhali kocha huwatumia 2 tu. Mmoja ni beki kutoka nje ya nchi. Aliumia goti, bado ana miezi 18 ya mkataba kwa dola 1,500 kwa mwezi, na kila siku ya mechi namwona amekaa jukwaani na viatu vipya, huku kipa wetu wa akiba akiazima glavu. Mikataba hiyo ilisainiwa wiki moja baada ya kuwafunga watani wetu, watu wakiwa bado wanaimba. Timu iko karibu na mkia wa msimamo. Kamati inataka tuwafukuze wote 8 tuanze upya. Nifanyeje? (Mtunza hazina)

JIBU: Ndugu Mtunza hazina, pole, maana umepewa funguo za sanduku ambalo wenzako walikwisha kulifagia. Klabu yako hukuitaja nami sikuulizi, ingawa mtu wa Lubumbashi akisoma barua yako atakuwa na majina mawili au matatu kichwani.

Izuie kamati isimfukuze mtu yeyote kabla hujasoma karatasi zote. Chukua daftari, umpe kila mchezaji mstari wake: umri, tarehe ya mwisho ya mkataba, mshahara, posho ya nyumba, fedha za kusaini ambazo hazijalipwa, na malimbikizo. Kisha mwombe kila mmoja aje na nakala yake mwenyewe, kwa sababu si ajabu nakala iliyopelekwa kwenye shirikisho ikawa na kurasa tatu na iliyoko kwa mchezaji ikawa na nne, na huo wa nne ndio wenye nyumba, tiketi za ndege na zawadi ya kila bao. Mimi mwenyewe nimewahi kushika mkataba ambao ukurasa wake wa mwisho uliandikwa kwa kalamu, juu ya karatasi yenye nembo ya hoteli, na sahihi ya rais wa klabu ikiwa chini yake. Wanakamati walitazamana, na hakuna aliyethubutu kuikana.

Sasa tumtazame beki wako, maana ukielewa hesabu yake umeelewa za wengine. Kuumia si kosa, na kiwango kushuka si kosa. Kwa kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, hakuna hata moja kati ya hayo inayoipa klabu haki ya kuvunja mkataba. Yeye ni mgeni, kwa hiyo anaweza kuwashitaki mbele ya Mahakama ya Soka ya FIFA, ambayo ilianza kazi mwezi Oktoba 2021 na haimtozi mchezaji ada ya kesi. Miezi 18 kwa dola 1,500 ni dola 27,000. Mkimfukuza leo na asipate timu, hizo zote ni zake. Akipata timu itakayomlipa, tuseme, dola 800 kwa mwezi, zitapunguzwa dola 14,400, mtabaki na deni la dola 12,600.

Lakini kuna hali iliyo mbaya zaidi, nayo ndiyo ninayohisi mnaikaribia. Klabu ikishindwa kulipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji akaiandikia barua na kuipa angalau siku 15 za kulipa, nayo ikanyamaza, basi anaruhusiwa kuvunja mkataba mwenyewe kwa sababu halali. Hapo, juu ya zile dola 12,600, huongezewa mishahara ya miezi mitatu, yaani dola 4,500, jumla dola 17,100, na malimbikizo yenyewe yako pembeni yanasubiri. Hukumu ikitoka na siku 45 zikapita bila malipo, klabu hufungiwa kusajili mpaka madirisha matatu mfululizo, au mpaka itakapolipa. Mtu akikushauri mbadilishe jina la klabu ili deni libaki kwenye jina la zamani, usimsikilize: kanuni za nidhamu za FIFA humfuata mrithi wa klabu, na hutazama makao makuu, rangi, wachezaji na wenye mali, si jina peke yake.

Basi bei ya beki huyo sasa unaijua, naye, kama ana wakala mwenye akili, anaijua pia. Kaa naye ana kwa ana, bila washabiki na bila yule aliyemleta. Usimweleze habari za mapenzi ya klabu wala jasho la wazee wetu. Mwenye goti bovu anataka kujua mambo matatu, yaani fedha taslimu ni kiasi gani, matibabu yatalipwa na nani, na barua ya kumwachia huru ataipata lini. Anza na dola 9,000 au 10,000 kwa awamu tatu, pamoja na tiketi ya kurudi kwao. Huenda akakubali, kwa kuwa miezi 18 jukwaani inamla yeye kuliko inavyowala ninyi: mchezaji aliyekaa misimu miwili bila kucheza hana timu inayomtafuta. Andikeni kwamba malipo hayo yanafuta madai yote, kila upande usaini kila ukurasa, na awamu ya kwanza ihesabiwe juu ya meza hiyo hiyo, kabla kalamu haijakauka. Pasipo fedha mezani hataamini neno lenu, na kusema kweli hana sababu ya kuliamini.

Usidhani ni njia ya maskini peke yao. Arsenal ya London iliachana na Mesut Özil mwezi Januari 2021, mkataba wake ukiwa bado una miezi, na ikaachana na Pierre-Emerick Aubameyang mwanzoni mwa Februari 2022. Timu iliyomaliza nafasi ya 8 misimu miwili mfululizo ikamaliza ya 5, kisha ya 2 mwaka 2023. Wana fedha ambazo sisi hatuna, hilo nalijua. Ila waliona kwamba nafasi na mshahara wa mtu asiyecheza vina gharama hata pale ambapo fedha ipo.

Kuna dawa nyingine utakayopendekezewa, nayo ni kumwongezea mchezaji miaka ili mshahara wa kila mwezi upungue. Barcelona walifanya hivyo Januari 2022 kwa Samuel Umtiti: alikubali mshahara mdogo, mkataba ukasogezwa mpaka 2026, na nafasi ya kumsajili Ferran Torres ikapatikana. Miezi michache baadaye Umtiti alikuwa Lecce kwa mkopo, na mwaka 2023 mkataba ule ukavunjwa. Kwa mchezaji ambaye kocha anamhitaji, nyongeza ya namna hiyo ina maana. Kwa beki wako ni kuchukua deni la mwaka huu na kumwachia mtunza hazina atakayekufuata.

Wale 7 waliobaki usiwapime kwa kipimo kimoja. Ambao mikataba yao inaisha msimu huu, waache wamalize kwa heshima. Ambao timu nyingine inawataka, wapeleke kwa mkopo, na iandikwe wazi nani analipa sehemu gani ya mshahara na siku gani, kwa sababu timu inayomchukua ikikwama mchezaji atarudi kugonga mlango wenu. Na wale 2 wanaocheza, hata kama ni ghali, usiwaguse kwanza. Hapo ndipo kamati nyingi hukosea: wakati wa shida huuza wale wenye wanunuzi, ambao ndio wazuri, wakabaki na wale ambao hakuna anayewataka. Fedha huingia, miezi miwili inapita, fedha zimeliwa, na timu haifungi tena.

Jambo gumu zaidi kwako halitakuwa la wachezaji, litakuwa la mkono uliosaini. Mikataba ile iliandikwa wiki ya ushindi, na ushindi mwingine utakuja. Ombeni kamati ipitishe kwa maandishi kwamba hakuna mkataba unaosainiwa katika siku 14 baada ya mechi ya watani, kwamba sahihi ya rais bila ya mtunza hazina haitoshi, na kwamba mikataba yote isiishe mwezi mmoja. Kanuni huruhusu mpaka miaka 5. Kwa mfuko wenu, miwili inatosha kwa mtu aliyevuka miaka 27. Wekeni pia kifungu cha kupunguza mshahara timu ikishuka daraja. Sunderland ya Uingereza iliposhuka mwaka 2017, iliripotiwa kwamba Jack Rodwell aliendelea kulipwa pauni 70,000 kwa wiki kwa sababu mkataba wake haukuwa na kifungu hicho. Mwaka uliofuata wakashuka tena. Walikaa daraja la tatu misimu minne, wakajijenga upya kwa vijana, na wakarudi Ligi Kuu mwaka 2025. Miaka 8, ndugu yangu, kwa klabu yenye uwanja wa watu karibu 49,000.

Fedha za kuanzia utazipata wapi? Kabla hujapiga magoti kwa tajiri, fungua rejista za zamani. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine akiwa chini ya mkataba, asilimia 5 ya fedha za uhamisho hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 mpaka 23: robo ya asilimia kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, na nusu asilimia kwa kila msimu baada ya hapo. Mbwana Samatta alikuja TP Mazembe, klabu ya Lubumbashi yenye uwanja wake Kamalondo, mwaka 2011 akiwa na miaka 18, akaondoka Januari 2016 kwenda Genk. Misimu yote hiyo ni ya umri unaohesabiwa, na Genk ilipomuuza kwa Aston Villa mwaka 2020, kila msimu wa Kamalondo ulikuwa na nusu asilimia yake. Huenda nanyi mna kijana aliyepita kwenu akiwa na miaka 14, sasa yuko Ulaya au Afrika Kusini, na usajili wake umelala katika daftari lililoliwa na mende. Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, nayo hufuata kumbukumbu za usajili. Klabu isiyokuwa na kumbukumbu haina cha kudai.

SWALI: Mwandishi, mimi ni mshabiki, mkazi wa Katuba. Kwa nini kuwabembeleza wachezaji hawa kwa fedha? Wanyimwe jezi, wafanyishwe mazoezi peke yao saa 11 alfajiri, wataondoka wenyewe.

JIBU: Kaka, hasira yako naielewa, maana unalipa kiingilio kwa fedha uliyoitolea jasho juani. Lakini kanuni imekutangulia. Klabu ikimtendea mchezaji kwa namna ya kumlazimisha avunje au abadilishe mkataba, mchezaji hupata sababu halali ya kuondoka na kudai fidia. Mazoezi ya peke yake alfajiri, bila kocha na bila sababu ya kitabibu, ni ushahidi ambao wakili wake ataupiga picha kwa simu. Kocha ana haki ya kutompanga. Kumtenga na kumdhalilisha ni jambo lingine, na bili yake itatoka kwenye kiingilio chako. Wenzake nao wanatazama: kijana wa miaka 20 akiona mkubwa wake anavyotupwa, mwaka utakaofuata hatasaini kwenu bila kudai fedha zote mbele.

SWALI: Shikamoo Baba Mwandishi. Ninaishi Ruashi. Mwanangu ana miaka 17, na klabu inayosema inajijenga upya kwa vijana imempa mkataba wa kulipwa wa miaka 5, eti ni wa kumlinda. Tumeambiwa tusaini Jumatatu na karatasi ibaki ofisini.

JIBU: Marahaba, Mama. Klabu inayopunguza mikataba ya wakubwa na kutegemea watoto inafanya jambo jema, na mwanao kuchaguliwa ni heshima. Ila mchezaji aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa kwa mkataba wa kulipwa unaozidi miaka 3. Kifungu kinachotaja muda mrefu zaidi hakitambuliwi na FIFA. Waombe waandike 3, waandike na shule, maana ratiba ya mazoezi ya asubuhi humtoa mtoto shuleni katika kidato cha mwisho, kabla hajafanya mtihani wa taifa. Kama waliandika 5 kwa kutojua kanuni, watarekebisha bila ugomvi. Wakikasirika, hilo nalo ni jibu. Jumatatu nenda na mtu wa ukoo anayesoma Kifaransa vizuri, aisome karatasi kwa sauti mbele yao mpaka mstari wa mwisho, na usitoke ofisini bila nakala yenye sahihi na muhuri.