Orodha kabla ya ardhilhali: niliyojifunza nikiwasaidia wapangaji wa nyumba za kaunti

Mitaa ya zamani ya nyumba za umma upande wa mashariki wa Nairobi, kama vile Kaloleni, Ziwani na Bahati, ilijengwa na utawala wa jiji enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 imekuwa chini ya serikali ya kaunti. Nililelewa katika mtaa wa aina hiyo, nikahama nilipopata kazi, na kwa miaka sita iliyopita nimekuwa nikirudi karibu kila Jumamosi kuisaidia kamati ya wapangaji. Ninamwandikia yule anayetaka kufanya kazi kama hii, awe mwanasheria kijana, mwanafunzi wa mipango miji au mtoto wa mtaa aliyesoma akahama. Kabla hujawaandikia wapangaji barua yoyote, wasaidie watengeneze wenyewe orodha ya nyumba zao na ya watu wote wanaoishi ndani yake.

Nilijifunza hilo kwa kukosea. Tuliposikia kwamba nyumba zitabomolewa ili yajengwe maghorofa, niliandika ardhilhali, yaani ombi rasmi la wapangaji, kwa Kiingereza kwa siku mbili, nikaipitisha mlango kwa mlango ili watu watie sahihi. Wazee wetu walipoitwa kuieleza, waliulizwa swali moja tu: waliotia sahihi ni wapangaji wenye majina kwenye kumbukumbu za kodi za kaunti, au ni watu waliopangishwa na wapangaji hao? Mwenyekiti alinigeukia, nami nikajibu kwa niaba yake, jibu refu lililojaa vifungu vya sheria na lisilo na idadi hata moja. Tulipotoka nje, mama mmoja jirani yetu wa zamani aliniambia kwa upole, "Mwanangu, wewe jioni utaenda kwako. Hilo jibu umetuachia sisi, na hatulijui."

Swali lile si la hila. Ndilo linaloamua nani atapewa fedha za kuhamia kwingine na nani atapata nyumba mpya. Pangani, mtaa mdogo uliobomolewa ili kupisha maghorofa, ulikuwa na wapangaji 48, idadi ambayo watu wanaweza kujuana kwa majina. Katika mtaa wenye mamia ya nyumba mambo ni tofauti kabisa. Utakuta kadi ya nyumba, yaani ile ya mpangaji anayetambuliwa na kaunti, ina jina la baba aliyefariki zamani, mjane wake akarudi mashambani, na kitinda mimba ndiye anayelipa kodi na kupokea risiti zenye jina la marehemu. Nyumba ya pili, mwenye kadi amehamia Kayole na kuipangisha kwa kodi inayozidi mara nyingi ile anayoilipa yeye. Nyumba ya tatu ina vyumba vya mabati uani, na kila chumba kina familia yake.

Hapo ndipo kazi ilipotuwia ngumu, na sitaki kuificha. Wenye kadi walitaka chama cha wapangaji kiwe chao peke yao, kwa hoja kwamba wakijumuishwa waliopangishwa, ofisi ya kaunti itapata sababu ya kumnyang'anya mwenye kadi nyumba. Waliopangishwa nao walisema kwamba wao ndio wanaoamka usiku maji taka yanapofurika, na si haki waambiwe si wapangaji. Tulibishana Jumamosi nne mfululizo. Msimamo wangu, ambao bado ninao, ni kwamba wote waandikwe, lakini kila mmoja aandikwe kwa hali yake halisi: mwenye kadi ni nani, anayeishi humo ni nani, tangu mwaka gani, na risiti ya mwisho ni ya lini. Kazi ya kuandika waliifanya majirani wawili wawili, mmoja mwenye kadi na mwingine aliyepangishwa, na kuwapanga hivyo kulipunguza shuku kuliko hotuba yoyote niliyowahi kuitoa.

Orodha ya namna hiyo inaweza kumdhuru mtu ikianguka mikononi mwa asiyestahili kuiona. Kwa hiyo iandikwe katika madaftari, nakala zikae katika nyumba tatu tofauti, isipigwe picha wala kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Kinachotoka nje ya mtaa kiwe jumla peke yake. Nawe msaidizi usibaki na nakala yako.

Baada ya hapo sheria inakuwa nyepesi kutumia. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa, na ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, haitozi ada ya kuliwasilisha, na inataka jibu litolewe ndani ya siku 21. Ombeni nyaraka zinazotajika: mkataba na mjenzi, ramani, orodha ya wapangaji wanaotambuliwa, kumbukumbu za vikao vya ushirikishaji wa umma. Mkinyimwa, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kuhusu mahakama, wasomeeni watu kesi ya haki ya makazi ya wakazi wa kijiji cha Mitu-Bell, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, lakini msiache kutaja muda: nyumba zao zilibomolewa mwaka 2011, na Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wake mwaka 2021.

Mtu atapendekeza kodi isilipwe mpaka mabomba yatengenezwe. Hasira hiyo ninaielewa, lakini nimekuwa nikiipinga kila mara, kwa sababu malimbikizo ya kodi ndicho kitu cha kwanza mpangaji anachotupiwa anapodai haki yake. Anayedaiwa aandike mpango wa kulipa kidogo kidogo na atunze nakala. Asiyedaiwa atunze risiti zake zote.

Katika kikao kilichofuata alikwenda yule mama na daftari lake, akajibu kwa Kiswahili, nyumba kwa nyumba, nami nikabaki nje kwenye benchi. Kila Januari majirani hupita tena milangoni kusahihisha waliofariki, waliozaliwa na waliohama. Zipo nyumba 11 ambazo watu wake wamekataa kuandikwa hadi leo. Hatuwalazimishi, mstari wa kila nyumba umeachwa na nambari ya mlango tu, na kila mwaka wanabishiwa hodi kama wengine.