Torrey Pines Kusini kwa mwenye handikapu 18

Kaka, umeuliza kama mcheza gofu mwenye handikapu 18 (yaani hupiga kama mapigo 18 zaidi ya kiwango cha uwanja) ataaibika akicheza uwanja wa Kusini pale Torrey Pines, San Diego, Marekani, tena kwenye tii (sehemu za kuanzia shimo) za nyuma kabisa. Cheza, lakini tii za nyuma waachie waliocheza US Open, mashindano makubwa ya gofu, pale 2008 na 2021. Ule ni uwanja wa manispaa, hakuna atakayekuuliza kwa nini umesogea mbele.

Kinachosumbua watu zaidi ni rafu, yaani nyasi ndefu za pembeni, kuliko hata genge la bahari. Mle kuna nyasi za kikuyu, zilezile za nyanda zetu za juu, ila huko zinamwagiliwa na kutunzwa kama mtoto wa sultani. Mpira ukizama humo, nyasi zinashika shingo ya fimbo na uso wake unajifunga kushoto. Usichomoe fimbo ndefu ya aina ya “wood”. Kamata weji (fimbo fupi ya kuinua mpira), bana mkono, toa mpira ukae pazuri, basi. Na karibu na grini, pale penye nyasi fupi na shimo lenyewe, usijaribu kuuviringisha kupita kwenye kikuyu, utakwama. Urushe utue juu ya grini yenyewe.

Shimo la 4 genge liko kushoto, kwa hiyo lenga kulia. La 12 unapiga kuelekea baharini, mara nyingi upepo usoni: lihesabu kama par 5, yaani shimo la mapigo matano, usigombane nalo. La 18 lina bwawa mbele ya grini, upande wa kushoto.

Asubuhi kuna ukungu na mpira hauendi mbali, chukua fimbo ya kupiga mbali zaidi kwa hatua moja. Na beba sweta, hata Juni.