Majani si mizizi: kwa vijana wapya wa kitaluni

Wadogo zangu, juzi tena hapa kitaluni Tanga nimekuta pingili za bogenvilia, yaani vipande vya matawi vya kupanda, zimechomekwa kichwa chini. Basi nayaandika haya, kila mtu ayasome.

1. Homoni inayochochea mizizi hushuka kuelekea upande wa shina, na ukiipindua pingili mwendo huo haugeuki. Chini kata mshazari, juu kata bapa. Hata fungu likichanganyika, mkato utakuonyesha.

2. Chagua tawi lililokomaa, unene wa penseli, sentimita 15 hadi 20, macho ya kuchipulia 3 au 4. Anayekata oleanda avae glovu. Mmea ule ni sumu kuanzia jani hadi mti.

3. Hili ndilo linaloniuma. Bogenvilia huchipua kwa akiba iliyomo ndani ya tawi, kabla haijatoa hata mzizi mmoja. Masika iliyopita mwenzenu mmoja, mchapakazi kweli, aliona tuta zima limekuwa kijani. Mimi nilikuwa Muheza msibani. Akahamishia zote kwenye viriba vikubwa (mifuko ya miche), akazitoa juani, akanipigia simu kwa furaha. Niliporudi zilikuwa zimenyauka zote. Sikumgombeza. Tulikaa chini tukazing'oa moja moja: kwenye mkato kulikuwa na uvimbe mweupe tu, mzizi hakuna. Majani yalikuwa yanapoteza maji na chini hakuna cha kuyanyonya. Kijana alilia, na mimi roho iliniuma, maana alifanya kwa bidii. Jamani, subirini! Wiki 6 hadi 8, pengine zaidi. Wala msizivute kuchungulia, mizizi yake michanga hukatika kwa kuguswa tu. Mpaka ionekane kwenye matundu ya kiriba, kiriba hakiondoki kivulini.

4. Mchanga wa ufukweni hapana. Una chumvi na chokaa ya matumbawe, na majani ya ikzora huwa ya njano humo. Tumieni wa mto. Maji ya kisima cha karibu na bahari yaonjeni kwanza.

5. Asumini ikatwe asubuhi, ibaki na majani mawili ya juu, tena yapunguzwe nusu, kisha ifunikwe nailoni kuzuia upepo. Kina mama wanaotunga vikuba vya maua wameshaanza kuiulizia, kwa hiyo Jumamosi tunachomeka fungu la kwanza. Njooni mapema, na mikasi iwe imenolewa.